Picha ya Chongo

Leo nimefanyiwa sherehe nyumbani, na hadi sasa nalia.

Nimepata ufadhili wa kusomea udaktari wa mifugo, ule wa wanafunzi wenye huruma kwa wanyama. Kwenye maombi nilieleza habari za Chongo, mbuzi wetu aliyetobolewa jicho na mwiba. Nilimsafisha kidonda kila asubuhi mpaka akapona.

Basi leo nashuka basi kijijini kwetu Namawala, nafika nyumbani nakuta turubai, majirani, vigelegele!

Begi bado mgongoni, nikapitia kwanza kwenye banda la mbuzi.

Chongo hayupo.

Mama akaja nyuma yangu anacheka. "Baba yako kasema sherehe ya daktari haifanywi kwa kuku. Tumemchinja Chongo, si ndiye aliyenona?"

Jamani, aliyemnonesha ni nani kama si mimi?

Baba akaniwekea maini, ambayo siku zote hula yeye. "Kula, daktari wangu." Machozi yanamlengalenga. Huyu baba sijawahi kumwona analia.

Nikala. Nikamwambia, "Asante baba, matamu."

Jioni hii wafadhili wamenitumia ujumbe. Wanaomba picha yangu nikiwa na Chongo.

Niwajibu nini?