Mti Uliokuwa Tumbaku

Mmea uliota wenyewe nyuma ya jiko, katikati ya mboga za managu, na kwa miezi mitatu ukanipita kimo. Majani yake yalikuwa mapana kuliko sinia ya chai, yananata mkononi kama gundi. Nilipoupiga picha, simu yangu, niliyoiamini kwa unyenyekevu wa msomi, ilisema kwanza ni spinachi, kisha biringanya.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, hakuhitaji simu. Aliuzunguka mara moja, akavuta ugoro, akapiga chafya, akatoa hukumu.

"Shemeji, huu ni mti. Nani alikuruhusu kupanda mti?"

Kwetu mwanamke hapandi mti. Kupanda mti ni kuweka mpaka, na mpaka ni wa mwanamume; mwanamke akithubutu, husemwa atamuua mumewe. Nilimkumbusha kwamba mume wangu alizikwa miaka miwili kabla mmea haujachipuka. Labda, nikamwambia, mti huu uliua kwanza, ukaota baadaye. Hakucheka. Alisema Jumamosi angeleta wazee waukate, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kujigawia ardhi, bustani yote ya nyuma ya jiko ingerudi kwake. Bustani hiyo ndiyo iliyotulisha mimi na binti zangu.

Jumamosi alikuja na wazee wawili na panga. Majirani nao walikuja, maana aibu ya mjane haihitaji mwaliko. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja anayeuza ugoro sokoni Khayega. Alikwanyua jani, akalifikicha, akalinusa, kisha akacheka hadi akaketi chini.

"Mti gani? Hii ni tumbaku! Na wewe, mwanangu, kila siku unakujanga kwangu kununua ugoro. Ulidhani nasaga nini, mavi ya mbuzi?"

Kikopo cha ugoro kilikuwa mkononi mwa shemeji wakati huohuo. Alikitazama kana kwamba kimemsaliti.

"Basi ni mboga," mzee mmoja alitamka, kwa uzito wa hakimu. Katika elimu ya ukoo wetu, kisicho mti ni mboga, na mboga ni ya mwanamke. Kesi ikafungwa. Shemeji akaomba majani mawili akakaushe, nikamnyima.

Jumatatu nilinunua miche sita ya lusiola, mti wenyewe wa mipaka, nikaipanda ukingoni mwa bustani saa nne asubuhi, watu wakipita. Hiyo haikuhitaji mtu wa kuitambua.