Slufay ya Margwe pale Mnazi Mmoja

Mkoa wa Manyara ulipotangazwa, mzee Margwe wa kijiji cha Bashay alikunywa kidogo akaahidi makubwa. Alisimama kilabuni akasema atakwenda mwenyewe Dar es Salaam, kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja ambako nchi hukusanyika, akautolee mkoa mpya slufay. Hiyo ni dua ndefu ya Wairaqw: mmoja anatamka, wenzake wanaitikia kila mstari, "Eeem." Bila wa kuitikia si dua, ni mzee anayeongea peke yake. Kilabu kizima kikampigia makofi, basi hakukuwa na kurudi nyuma.

Bintiye Evaline, muuguzi huko Dar, ndiye aliyempeleka. Margwe alifika akaduwaa. Nyasi zimekauka, vijana wachache wanacheza mpira, muuza kahawa amechuchumaa na birika lake.

"Watu wako wapi?"

"Watu gani, Baba?"

"Wale wa redioni!"

Maskini, maisha yake yote uwanja huo aliusikia redioni tu, na redioni haukuwa mtupu hata siku moja. Evaline alicheka mpaka akashika mbavu. Margwe naye akacheka, kisha akaikumbuka Bashay na kicheko kikamkauka. Angewaambia nini? Uongo mwingine aliuweza vizuri tu, lakini wa slufay hapana.

Akavua kofia, akainua fimbo, akaanza kwa Kiiraqw. Kimya. Mstari wa pili, kimya.

"Baba, watu wanatuangalia."

"Wanaangalia, hawaitikii!"

Mstari wa tatu akautamka kwa sauti ya chini. Akashusha fimbo, amekata tamaa kabisa.

"Eeem," ikasikika nyuma yake.

Alikuwa Evaline. Kwao Bashay kuitikia barazani ni kazi ya wanaume, lakini yeye aliisikia slufay tangu akibebwa mgongoni, ng'ambo ya ua walikokaa wanawake. Margwe nusura aruke kwa furaha.

"Shikamoo mzee," muuza kahawa akasogea. "Na sisi tuitikie?"

"Marahaba! Itikieni!"

Vijana wakaacha mpira. Hapo Margwe akapandwa na wazimu mtamu. Akabariki Manyara yote, kuanzia Yaeda Chini mpaka Balangdalalu, akabariki ng'ombe, kahawa, golikipa aliyefungwa mabao, hata trafiki wa barabarani. Eeem! Eeem! Evaline alikuwa anaitikia huku anafuta machozi ya kicheko, na hakuangalia tena nani anamwangalia.

Margwe aliporudi Bashay, wazee walimwuliza nani alimwitikia.

"Dar es Salaam nzima! Ila aliyeanza ni Evaline."

Wazee wakatazamana.

Baraza lililofuata, Margwe alitamka mstari wa kwanza, wanaume wakaitikia. Hakuendelea. Aligeukia ua akanyamaza. Wazee wakakohoa, mmoja akamvuta shuka, yeye kimya tu, anasubiri, mpaka ng'ambo ya ua mkewe Kornelia akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.