Mama Kwa Nini

Sanduku la bati likiburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Sauti hiyo Evarista anayo masikioni tangu mwaka sabini na nane, siku alipofukuzwa shule akiwa kidato cha tano, mimba ya miezi minne imefichwa ndani ya sketi. Mkuu wa shule hakumtukana. Alimpa barua, akamwonyesha lango. Sanduku lilikuwa zito na hakuna aliyeruhusiwa kumshikia. Akaliburuza peke yake katikati ya vitanda arobaini, na wasichana wote wakatazama chini.

Mimba ile ndiyo Joyceline.

Evarista alitoka Rombo akaja Dar es Salaam. Alisimama mbele ya mashine ya kiwanda cha nguo miaka kumi na miwili, mpaka kiwanda kilipopunguza watu naye akawa miongoni mwao. Siku hizo mlango ulikuwa umefunguliwa kwa bidhaa za ng'ambo. Hakukaa kuzilaani. Alikwenda soko la Mchikichini akaanza kuuza viatu vya mtumba, na humo akamsomesha binti yake hadi kidato cha sita.

Mwaka tisini na sita Joyceline aliomba tuisheni ya uchumi. Darasani kwao wote wanasoma tuisheni, alisema, asiyesoma anaachwa. Wakaenda pamoja kwa Mwalimu Rajnikant, mstaafu mkazi wa Mchafukoge aliyefundisha Mtaa wa Msimbazi, katika stoo ya ghorofani juu ya duka la jumla la Eliakimu.

"Andika wawili," Evarista alimwambia.

"Wa pili nani?"

"Mimi. Mwezi wa tano nafanya mtihani, mtahiniwa wa kujitegemea."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Viti vyetu vya chuma, mama. Mgongo utakuuma."

"Nimesimama miaka kumi na miwili, Mwalimu. Kiti chochote kwangu ni kitanda."

Joyceline alichagua kiti mbali na mama yake, safu tatu mbele, kama watu waliokutana njiani.

Pale stoo kazi ilikuwa moja: Mwalimu anasoma pamfleti, wanafunzi arobaini wanaandika, jioni wanakariri. Wiki ya pili Mwalimu alisoma kwamba bei ikipanda, wanunuzi hupungua. Mkono wa Evarista ukainuka.

"Kwa nini Mwalimu, Idi ikikaribia, viatu vinapanda bei na wanunuzi wanaongezeka?"

"Mama, hilo halimo kwenye pamfleti," alisema Allen, mtoto wa Eliakimu mwenye duka.

"Najua, baba. Lingekuwemo nisingeuliza."

Mwalimu Rajnikant alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akaiweka pamfleti mezani na kueleza kwa nusu saa nzima, chaki ikikatikakatika mkononi, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu yake wa siku nyingi. Mada ya siku ile haikuisha. Wala ya juma lililofuata. Vijana wakampa Evarista jina, Mama Kwa Nini.

"Mama, watu wanakucheka," Joyceline alimwambia nyumbani.

"Waache. Meno ni yao."

"Wanakucheka wewe, wananitazama mimi."

 Evarista aliendelea kupanga viatu, kila kimoja na mwenzake.

Januari Eliakimu alipanda ngazi mwenyewe, akasimama mbele ya darasa, funguo zikining'inia mkononi.

"Mama Joyceline, wazazi wamelalamika. Mada hazimaliziki. Hapa watoto wanatafuta chuo kikuu. Wewe mwenzetu unatafuta nini?"

"Chuo kikuu."

Darasa likacheka. Eliakimu naye alitabasamu kidogo. "Kwa umri huo?"

"Mangi," Evarista alimwita kwa heshima ya kwao Rombo, "mwanao asubuhi anafundishwa shuleni, mchana anafundishwa hapa, usiku kuna mwingine anamfuata nyumbani. Hapa pakimpita, kwingine kupo. Mimi shule ilinitoa na haikunirudisha. Kwa Allen hii ni tuisheni. Kwangu ndiyo shule."

"Basi kaisome kwingine. Chumba ni changu."

"Na korido?"

"Korido ya wapangaji wote."

"Vizuri. Janki, mpangaji wa ghorofa ya juu, ni mteja wangu. Leo mimi ni mgeni wake, nimechoshwa na ngazi, nimepumzika hapa."

Akachukua daftari lake, akatoka, akaketi koridoni juu ya mfuko wa viatu, magoti yakiwa meza. Mwalimu Rajnikant aliendelea kusoma pamfleti. Bila chumba kile hakuwa na pa kufundishia. Lakini kesho yake wanafunzi walikuta ubao umegeuzwa kidogo, ukitazama mlangoni.

Siku kumi alisoma hivyo. Wabeba mizigo walimruka na maboksi yao. "Shikamoo mwanafunzi," walimtania, naye akawaitikia marahaba bila kuinua kalamu. Maswali yake yaliingia mlangoni kama kawaida.

Siku ya kumi na moja Eliakimu aliagiza mlango ufungwe.

Evarista aliandika kwa kusikia tu, sikio limegusa mbao. Mwalimu akafika kwenye mchoro. Chaki ilisikika ikivuta mstari, lakini mstari haujulikani kwa sikio. Evarista akagonga.

"Mwalimu, huo mstari unapanda au unashuka?"

 Allen akasema, "Mama Kwa Nini sasa haoni hata ubao," na wawili watatu wakacheka.

Akagonga tena. "Unapanda au unashuka?"

Ndipo ikaja ile sauti. Chuma kikiburuzwa kwenye saruji, polepole, kutoka safu za mbele, kikipita katikati ya viti vyote. Evarista alisimama ghafla, mkono kifuani. Mlango ulifunguka, na Joyceline akatokea akiburuza kiti chake, madaftari kwapani, uso umelowa lakini shingo imenyooka. Nyuma yake wenziwe wote walikuwa wakitazama sakafu.

"Unashuka, mama," alisema. "Sogea nikae na wewe."

Evarista alikishika kiti, akakisimamisha kizingitini, pale pale mlango unapofungia, usifungike tena. Kisha akaweka mdomo karibu na sikio la binti yake, akasema taratibu sana:

"Tulishatolewa darasani pamoja mara moja. Wewe rudi ndani. Kiti kiache hapa."