Mgeni wa Tanga kwenye milima ya Murusagamba

Jamani, leo baiskeli ya utalii imebeba mkimbizi.

Mgeni wangu Omari anatoka Tanga. Kazi yake kule ni kutembeza watalii kwa baiskeli kando ya bahari, huku wakiokota plastiki njiani. Habari za gari hataki kabisa kuzisikia. Leo akataka nimtembeze Murusagamba hivyo hivyo.

(Milima yetu mnaijua. Nilicheka.)

Karibu na mpaka tukamkuta bibi kutoka Burundi amekaa kando ya njia, mguu umevimba. Mkwewe amesimama naye, mtoto mgongoni. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halipiti.

Omari akasogea. "Shikamoo, bibi."

Bibi akajikunyata. Akaniuliza kwa Kirundi, "Huyu ni askari?"

Kumbe ni ile helmeti ya baiskeli aliyovaa Omari!

Nikamtafsiria Omari. Aliivua, akanivisha mimi. Ilinibana mpaka masikio yakakunjika. Bibi akacheka, akakubali kupanda kwenye keria.

Omari alimsukuma milima yote hadi kituo cha kupokelea wakimbizi. Mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa nyuma na furushi lao, nahema.

Kila mlima bibi alitaka kushuka.

"Kaa tu, bibi. Tunafika."

Kituoni bibi alimshika Omari mikono, hakutaka kuiachia. Omari akageukia pembeni, akafuta macho.

Sasa ameniambia ile safari yetu ya kesho ya kuona maporomoko ya maji haitaki tena. Kuna wakimbizi wengine bado wako njiani kwa miguu.

Watu wa Murusagamba, nani ana baiskeli yenye keria imara? Jibuni hapa, tunaondoka alfajiri.