Saruji ya Kutwanga

Mwaka ule wa mvua za Elinino, saruji ilifika Mpanda ikiwa imeshageuka jiwe. Treni ilikuwa imekwama njiani wiki mbili, mabehewa yakavuja, na mifuko iliyoteremshwa stesheni ungeweza kuipanga ukajenga nayo ukuta bila kuifungua. Mtu mwenye akili zake angeikataa. Lakini watu walikuwa wameisubiri tangu mwezi wa nane, na hamu ya saruji ikishamshika mtu hasikii wala haoni. Waliichukua hivyo hivyo, wakaivunja kwa nyundo, wakaitwanga kwenye vinu vya mahindi, wakaipepeta kwa ungo, wakasema imepona.

Bwana Masele wa Makanyagio alichukua mifuko kumi. Asubuhi Médiatrice alipoingia uani kwake kuendelea na kazi, alimkuta fundi Nashon amesimama mbele ya kinu, mchi mkononi, vumbi la kijivu limemjaa hadi kwenye kope. Alimtazama kwa muda, kisha akaangua kicheko. Ugomvi wote ulianzia hapo.

"Unacheka nini?" Nashon aliuliza.

"Nangoja huo ugali uive, nile."

Médiatrice alikuwa mtu wa Katumba, makazi ya wakimbizi, mmoja wa wale waliovuka kutoka Burundi wakiwa wasichana na kukuta pori tupu likiwangoja. Alifyeka, akalima tumbaku, akaolewa, akafiwa na mume, na katikati ya yote hayo akajifunza kupanga mawe. Hakuna aliyemfundisha. Alianza na njia ya kuingilia kanisa la kijijini, akaendelea na kisima, na mkono wake ukawa na jicho lake wenyewe. Kwa miaka minne alikuwa anatoka Katumba na kibali chake cha kutoka makazini kimefungwa kwenye pindo la kanga, anakuja mjini kumfanyia Nashon kazi. Yeye alipanga mawe, Nashon akapewa sifa. Watu walipouliza uwanja huu kapanga nani, walijibiwa ni fundi Nashon na wasaidizi wake.

Kazi ya kwa Masele ilikuwa ya kwanza kupewa yeye mwenyewe. Nashon alikuwa na kuta za nyumba, Médiatrice akapewa uwanja wa mbele. Siku tisa alikuwa amepiga magoti pale, amelaza mawe bapa kutoka milima ya Kasokola juu ya mchanga ulioshindiliwa, moja moja, kwa uzi na pima maji. Yalikuwa yamekaa vizuri mno. Iliyobaki ilikuwa mianya kati ya jiwe na jiwe, ijazwe na kitu cha kuyashika. Uwanja ukisimama, mji mzima utajua kuwa Médiatrice ni fundi. Ukibomoka, atarudi kubeba karai la Nashon mpaka azeeke. Alilijua hilo kila alipoinama.

"Hiyo imekufa," alisema akiuonyesha ule unga. "Saruji ikishashika mara moja haishiki tena. Hata ukiitwanga mpaka Pasaka."

"Mama, wewe panga mawe. Mambo ya saruji yaache kwa mafundi."

Masele akatoka ndani aliposikia sauti. Alikuwa Msukuma mrefu, tajiri wa ng'ombe, aliyehama na mifugo yake kutoka kaskazini na sasa alitaka mji wote ujue kuwa amefika. Habari za mifuko kumi alikuwa ameshazitangaza kila duka la Makanyagio.

"Kuna nini?"

"Bwana Masele, usinijazie mianya kwa unga huu," Médiatrice alisema. "Na hata ungekuwa mzima nisingeuweka. Mawe yamelala juu ya mchanga, yanapumua, yanacheza kidogo. Kitu kigumu kitapasuka, maji yaingie chini, mawe yaanze kutikisika. Nataka udongo wa kichuguu, mchanga na chokaa, ushindiliwe humo mpaka ukatae."

"Udongo?" Masele aligeuka kumtazama Nashon, kama mtu anayetafuta shahidi. "Mimi nimeondoa tope mlangoni kwangu ili nilirudishe? Watu watasema Masele kaishiwa."

"Nyie wa Katumba mmezoea udongo," Nashon alisema. "Hapa ni mjini."

Médiatrice angeweza kunyamaza, alishanyamaza miaka minne. "Oya," alisema kwa Kirundi, maana hakuna lugha nyingine aliyoona inakataa vizuri kama hiyo. "Mawe haya ni yangu mpaka nimalize. Mkitaka kumwaga uji wenu, kwanza nitang'oa jiwe moja moja nirudishe Kasokola. Mtaumwaga kwenye mchanga."

Akainama, akaingiza tindo chini ya jiwe la kwanza.

"Mwacheni," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa Ng'washi, mama yake Masele. Bibi huyo aliteleza kwenye tope la uwanja huo masika yaliyopita akavunjika nyonga, na tangu mfupa uunge alikuwa hajavuka uwanja kufika getini. Alikaa kizingitini kutwa, anasikia wenzake wakipita barabarani wakienda sokoni, anasalimia kwa kupaza sauti. Uwanja ule ulikuwa unajengwa kwa ajili yake, ingawa hakuna aliyekumbuka kumuuliza lolote.

"Leteni beseni la maji," alisema. "Kila mmoja atie tonge lake. Tutaona keshokutwa."

Masele hakuweza kumkatalia mama yake mbele ya watu. Nashon alikoroga unga wake akafinyanga donge. Médiatrice aliomba nusu siku, akaenda kwa miguu hadi kwenye vichuguu vya nyuma ya mji. Alifanya kama mama yake alivyofanya kule kwao, walipokuwa wanashindilia uwanja wa kumpokea bibi harusi. Hakuchukua udongo wa juu uliopigwa na jua. Alichimba hadi tumboni mwa kichuguu, akamega kidogo, akauweka ulimini. Wa kwanza ulikwaruza meno, akautema. Wa pili vilevile. Wa tatu ulilainika kama siagi ukanata kwenye kaakaa, na huo ndio aliojaza kwenye kiroba. Wapita njia walimwona mwanamke mzima anakula kichuguu wakatikisa vichwa. Aliwapungia mkono.

Madonge yalikauka siku moja kivulini, yakatiwa majini. Siku ya pili donge la Nashon lilikuwa limekaa chini ya beseni kama uji uliomwagika. La Médiatrice lilikuwa zima. Ng'washi alilitoa, akalibana kwa kidole gumba, likamgomea.

Ungedhani mambo yangeishia hapo. Masele alilitazama beseni, akamtazama mama yake, akasema, "Mayu, siwezi kuweka tope. Nimeshawaambia watu ni saruji." Kumbe tatizo halikuwa saruji hata kidogo. Alimwagiza Nashon amalize kutwanga, mwenyewe akapanda lori kwenda mnadani kuuza ng'ombe, akisema anarudi baada ya siku mbili kukuta uwanja umezibwa.

Mvua ikakata barabara usiku huohuo. Siku mbili zikawa nane.

Nashon alipoona bosi wake amekwama, alienda kushughulika na kibarua kingine, mifuko akaiacha pale pale. Médiatrice alikuja asubuhi yake akakuta uwanja uko wazi na mbingu imejaa wingu. Alisimama mbele ya Ng'washi.

"Bibi, mwanao amesema saruji."

"Nilimsikia."

"Nikiweka kichuguu atanifukuza."

"Atakufukuza," bibi alikubali. "Sasa unangoja nini?"

Médiatrice alicheka peke yake njia nzima kwenda kuchukua toroli. Siku mbili alichanganya, akatia mianyani kwa mwiko, akashindilia kwa kipande cha mninga alichokichonga kikawa chembamba upande mmoja, akarudia, akashindilia tena, mpaka mikono ikavimba asiweze kufunga vidole. Prisila, binti yake, alikuja kutoka Katumba kumsaidia kukata majani. Wakafunika uwanja wote kwa majani na turubai kuukuu, ukakaa siku tatu. Siku ya sita wakafunua, na jioni hiyo hiyo ikanyesha mvua ambayo watu wa Makanyagio wanaielezea mpaka leo kwa kuonyesha kwa mkono maji yalifika wapi ukutani.

Médiatrice hakuondoka. Alikaa kizingitini na Ng'washi wakitazama. Maji yalipita juu ya mawe yakaelekea mtaroni. Pembeni, chini ya bati linalomwaga maji, udongo ulilika kiasi cha kiganja, na aliumia kuuona. Kwingine kote mianya ilishika. Kulipokucha alijaza kile kiganja upya, akashindilia mara mbili zaidi.

Masele alirudi siku ya nane kwa miguu, suruali imelowa tope hadi magotini. Aliona mianya myekundu. Aliona mifuko yake iliyobaki imepangwa ukutani kama alivyoiacha.

"Nani amekuruhusu?" Alipiga kelele hadi majirani wakajaa getini. "Nilisema saruji! Toa huo udongo wako, wote, sasa hivi!"

Médiatrice alikwenda akachukua nyundo na tindo, akamwekea mkononi.

"Toa wewe. Mimi kazi yangu nimemaliza."

Masele alivua koti. Mbele ya watu wote wale asingeweza kurudi nyuma. Alipiga magoti kwenye mawe ya kwanza karibu na geti, akaweka tindo mwanyani, akapiga. Tindo liliruka pembeni. Akapiga tena, vumbi jekundu kidogo likatoka, basi. Getini mtu mmoja alikohoa kwa namna ya kucheka.

Akanyanyua nyundo mara ya tatu, akasikia fimbo inagonga mawe. Ng'washi alikuwa amesimama. Aliacha kizingiti, akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza, akalijaribu, likatulia. Akaweka wa pili. Hakuna aliyethubutu kwenda kumshika. Alivuka uwanja mzima taratibu, ananung'unika kwa kila hatua, hadi alipomfikia mwanawe pale chini, akaweka ncha ya fimbo yake kwenye mwanya uleule, kando ya tindo.

"Chimba," alisema. "Anzia hapa niliposimama."

Masele alibaki na nyundo juu. Aliishusha polepole akaiweka chini. Ng'washi hakumngoja. Alimzunguka, akatoka getini, akakaa kwenye gogo la barabarani ambalo hakuwa amelikalia kwa karibu mwaka mzima, akaanza kuwauliza watu bei ya dagaa.

Mfuko mmoja wa ile saruji Médiatrice aliutumia kabla hajaondoka. Aliuburuta ukiwa mzima na karatasi yake, akauzika nusu mbele ya kizingiti ili bibi apate ngazi ya kushukia. Ndiyo saruji pekee iliyofanya kazi katika nyumba ile.

Wiki iliyofuata mfanyabiashara mmoja alisimama getini akiusifu uwanja. "Hii ni kazi ya fundi Nashon, eeh?"

Masele alikuwa anafungua kinywa. Kutoka kwenye gogo lake Ng'washi alimtazama.

"Ni ya fundi Médiatrice," Masele alisema. "Wa Katumba. Na siyo saruji, ni kichuguu."