Ti Moja, Hatua Moja

Ile sauti ilinikuta nikikata mchicha. Ti, ti, ti. Nyembamba na kavu, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Kisu kikasimama. Nilikuwa sijaisikia tangu nina miaka kumi kule Kulesa, lakini mwili uliijua kabla ya kichwa: nilikakamaa pale kwenye kigoda, sipumui, nangoja.

Ilitoka kwenye simu ya mjukuu wangu Pendo. Nina wajukuu kumi na mmoja, na sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli: hakuna mjinga hata mmoja, na Pendo ndiye kichwa chao. Likizo hii amekuja kwangu hapa Garsen na gemu ya kupigana. Watu wa rangi zote, wenye mapanga na nywele za moto, wanachapana mara juu ya mlima, mara juu ya treni. Lakini jukwaa la siku hiyo lilikuwa jingine. Halikuwa na rangi. Nyuma palikuwa na ukijivu wa kijanikijani, kama maji yaliyooshewa vyombo, na kila mpiganaji aliyekanyaga pale aligeuka kivuli cheusi, bapa, kisicho na uso. Hawakutembea. Walirukaruka kutoka mahali hadi mahali, ti, ti, kama mshale wa saa.

"Cheki, Nyanya," akasema. "Hii steji wameichora kama zile gemu za mkononi za kitambo. Za enzi zenu. Eti watu walikuwa wanacheza hii!"

"Nilicheza," nikamwambia.

Akacheka hadi simu ikamponyoka. "Wewe? Kulesa? Na stima ilitoka wapi?"

Nikarudi kwenye mchicha wangu. Nyinyi nitawaambia, maana nyinyi hamtanitazama machoni wakati wa chakula.

Mwaka ule mpunga ulikubali kwelikweli. Mto ulipanda mashambani, ukakaa siku zake, ukarudi, na tope lililobaki likatoa masuke mazito mpaka yakainama. Basi kwelea wakaja. Kama hujawaona, ni ndege wadogo wa kutosha kwenye ngumi, lakini wanakuja kama wingu lenye kelele, na wakitua shambani, kwa muda wa kuchemsha chai tu wanakuachia majani matupu. Msimu huo watoto tuliondolewa shuleni tukapandishwa kwenye dungu. Mimi niliishia darasa la nne, na nusu ya hilo la nne niliimalizia juu ya dungu.

Dungu ni jukwaa la miti juu ya nguzo nne, katikati ya shamba, juu kupita kichwa cha mtu mzima. Unapanda ngazi na kombeo lako na rundo la madongo, unapiga mayowe tangu ndege wanapoamka hadi wanapokwenda kulala. Letu lilitandikwa mbao za mtumbwi mkuukuu, bado zinanuka samaki jua likiwaka. Mama alikuwa na onyo moja, akilirudia kila asubuhi akitufungia viazi vya kuchemsha: "Kila suke litakaloliwa, nitalidai mgongoni mwenu."

Walinzi tulikuwa wawili, mimi na Damari. Damari alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, aliyefariki akimzaa. Alikuwa na miaka minane, miguu kama mabua, na macho yaliyomfuata mama yangu kila aendako. Alimwita Mama, lakini akishaita alisita kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na hajui kama atafunguliwa. Alikula wa mwisho, na hakuna aliyemwambia ale wa mwisho. Mimi nilimwita Mkia.

Kisha akaja Eliza, binti wa baba yangu mkubwa aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Miaka kumi na miwili, viatu vya mikanda, na gemu. Ilikuwa kidude bapa, kama kipande cha sabuni kilichoanza kuisha, chenye kioo na vitufe viwili. Ndani ya kioo kulikuwa na daraja, na juu ya daraja vijitu viwili vyeusi vyenye fimbo. Kila ilipolia ti, kimoja kilihama. Ukibonyeza, kijitu chako kinapiga. Ukichelewa, kinatupwa mtoni kwa mamba. Kikianguka mara tatu umekufa. Unabonyeza tena na kijitu kinafufuka, hakina hata mkwaruzo. Ukikiinamisha kioo juani uliona vivuli hafifu vya vijitu vyote, kila mahali ambapo vingeweza kusimama, vimeshachorwa tangu mwanzo, vinangoja zamu. Nilikipenda kile kidude kuliko chakula.

Kuomba hakukusaidia. "Mikono yenu ina tope," alisema Eliza. "Anayetaka kucheza apigane kwanza. Kama hawa."

Ndipo dungu letu likageuka gemu. Tulichora kwa makaa miduara mitano juu ya zile mbao, moja baada ya nyingine, kama daraja la kwenye kioo. Wapiganaji wawili, kila mmoja na bua la mahindi. Eliza alikaa pembeni, gemu mapajani, na yeye ndiye aliyekuwa sauti. Akikuelekezea kidole na kusema "Ti!" unahama mduara mmoja, au unapiga mara moja. Ti moja, hatua moja, kwa zamu, huyu kisha yule. Usipoitwa, husogei. Hata kama mguu uko hewani. Hata kama unaliona bua linakuja usoni. Aliyetikisika kabla ya kuitwa amehesabiwa ameanguka, anaruka chini kwenye tope, anapanda tena. Mara tatu, umekufa. Mshindi anapewa kidude acheze mpaka naye afe.

Watoto wa madungu ya jirani walikuja wakikimbia. Tulipigana zamu kwa zamu, madongo yakirushwa katikati ili ndege wasitue, na nakwambia hakukuwa na raha kama ile. Ile dakika ya kusimama kama jiwe huku unajua unapigwa, kisha tope baridi, kisha kicheko. Mimi nilikuwa hodari. Nilishinda watoto wakubwa wenye ndevu za kwanza. Damari alishindwa kila siku na hakukigusa kidude hata mara moja. Lakini kusimama! Inzi alimtembea kwenye ukope asipepese.

"Mkia, umekufa au umelala?" namuuliza.

"Nimesimama, Dada," anajibu bila kufungua midomo, na watoto wanaanguka kwa kucheka.

Wiki ya pili vijitu vilianza kufifia. Betri zilikuwa zinakwisha, vidude vidogo kama vifungo vya shati, na hata hapa Garsen hakuna duka lililowahi kuviona. Eliza akasema imebaki mara moja tu. Siku hiyo mashamba ya jirani yalikuwa yameshavunwa, watoto wao hawapo. Tulibaki mimi na Damari.

Damari hakuwa mtu wa kuomba. Siku hiyo aliomba. "Eliza, mimi sijawahi. Nipe tu hii ya mwisho, Dada Rael ameshacheza sana."

"Pigana," akasema Eliza.

Sasa nisikilizeni. Asubuhi ile, kabla hatujapanda, nilikuwa nimempa Eliza kipande changu cha kambare wa kukaushwa, na nilimwambia: "Ukiona nimebanwa, niite mara mbili." Mtoto wa miaka kumi. Hakuna aliyenifundisha.

Na kweli nilibanwa. Sijui Damari alipata wapi nguvu. Aliniangusha mara mbili, nami nikamwangusha mara mbili, na bua langu likavunjika. Nikachukua fimbo ya mkwaju ya kufukuzia nyani.

"Dada, hiyo ni fimbo," akasema.

"Kwani ulidhani ni ndizi?"

"Cheza au shuka," Eliza akamwambia.

Akacheza. Alikuja ti kwa ti mpaka visigino vyangu vikawa kwenye ukingo. Eliza akaniita, nikapiga, nikamkosa. Ti iliyofuata ilikuwa yake. Alisimama mbele yangu ameinua bua juu ya bega, mdomo wazi kidogo, anangoja kuitwa. Pigo moja ningekuwa chini. Eliza alinitazama mimi, akitafuna. Kidole kikaja kwangu.

"Ti!"

Damari aliona. Macho yake yalikwenda kwenye kidole, yakarudi kwangu. Hakutikisika. Kumsukuma kifuani kungetosha. Nilimpiga kichwani, upande wa kushoto, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu alithubutu kuomba.

Hakuruka kama tulivyozoea. Alikwenda kiubavu, akagonga ngazi, akalala kwenye tope mkono mmoja umeinuka. Eliza alicheka. "Huyu hata akifa hatikisiki!" Mimi nikanyoosha mkono. Sikuunyoosha kwa Damari. Niliunyoosha kwa Eliza. "Lete."

Nikacheza. Vijitu vilikuwa vimefifia hata ikabidi nikikingie kioo jua kwa kiganja ili nivione. Nilimwangusha yule wa pili mara saba, naikumbuka hiyo saba, kisha kioo kikabaki kitupu. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mngurumo kama mvua. Kwelea. Shamba zima lilikuwa linatembea.

Mama alikuwa ameliona lile wingu tangu kijijini. Alikuja mbio, kanga imefunguka, na alipofika ndege walishainuka, na kona yote ya upande wa mto ilikuwa majani tu. Chakula chetu cha miezi. Eliza alishakitia kidude mfukoni.

"Mlikuwa wapi?"

"Mimi na Eliza tulikwenda kuchukua madongo," nikasema. Ilitoka laini kabisa. "Tulimwacha Damari. Alilala akaanguka."

Damari alikuwa ameketi kwenye tope, kichwa kimeinama upande. Mama hakuuliza la pili. Alimpiga kofi, na kofi likaangukia upande uleule. Moja tu. Kisha Mama akautazama mkono wake. Kiganja kilikuwa na damu.

"Yesu wangu," akasema. "Nimemfanya nini mtoto wa mdogo wangu?"

Pale ndipo pa kusema. Damari alinitazama. Nami nilimtazama. Mama alimbeba mgongoni hadi nyumbani akilia kwa sauti, majirani wanatoka kuangalia, na mimi nikafuata nyuma na makombeo.

Sikio lilitoa usaha miezi miwili. Mama alilitia mafuta ya simsim ya vuguvugu, akampeleka zahanati, akarudi. Lilikauka likiwa limekufa. Tangu siku hiyo mambo nyumbani yalibadilika. Damari alipakuliwa wa kwanza. Kipande cha samaki chenye mafuta kilikuwa cha Damari, kanga mpya ya Krismasi ilikuwa ya Damari, na shule, mimi nilipotolewa, Damari aliendelea hadi la saba. Usiponisikia nikilalamika ujue nilikuwa nimelala. Nilimwambia Mama usoni kwamba anapendelea. Aligeuka tu akaendelea kupakua. Nilimchukia Damari kwa ule upendo, mimi niliyeuleta kwa fimbo.

Mama aliishi miaka mingi. Siku zake za mwisho tulimuuguza mimi na Damari, aliyekuja kutoka Wenje alikoolewa. Asubuhi moja nilikuwa namnywesha uji, akausukuma mkono wangu, akamwita Damari akae upande anaosikia. Akamwambia, "Mwanangu, nilikuvunja sikio kwa mkono huu. Mungu ananiita, na sijui nitamwambia nini mdogo wangu nikimkuta. Nisamehe."

Damari aliniangalia juu ya kitanda. Aliniangalia muda mrefu, akinipa nafasi.

Nikasema uji unapoa.

"Nimekusamehe, Mama," akasema Damari.

Baada ya maziko nilimuuliza, tukiwa wawili tunasugua masufuria: kwa nini hakusema, miaka yote ile? Nilipokuwa mtoto nilidhani amenyamaza kwa kuniogopa, na nilijivunia. Nilipokua nikadhani amenyamaza kwa kunipenda, na nilijivunia zaidi.

Alicheka, kile kicheko chake cha upande mmoja. "Ningesema ungepigwa siku moja, Dada, na mimi ningebaki mtoto wa marehemu. Kabla ya lile kofi Mama hakuwahi kunibeba. Siku ile alinibeba kutoka shambani hadi mlangoni. Nililala mgongoni kwake nikasema moyoni, hata kama ni sikio, haya."

Akaendelea kusugua. Nimeyafikiria maneno yale kila siku tangu hapo. Mtoto wa miaka minane alimtazama mama ambaye hakuwa wake, akatoa sikio, akampata. Mimi niliyekuwa na mama tangu kuzaliwa nilimwacha akafa akijiita mkatili, na mkatili mwenyewe nimekaa kitandani, nimemshikia kikombe.