Mawe Niliyopakia kwenye Buti

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, ndipo nianze. Nikifika katikati halafu mtu akanikatiza kwa kicheko, mimi huinuka nikaenda zangu. Haya niliyaona kwa macho haya haya yanayofuata waya za magari kila siku, na shahidi wangu ni mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kunisaidia kusema uongo hata nilipokuwa mtoto. Na usidhani ilikuwa usiku. Jua lilikuwa la utosini.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Lodwar, si mbali na daraja la Kawalase. Mama alikuwa akiishi peke yake Kakuma. Aliumia mgongo ndani ya lori, enzi zile barabara ilipokuwa mashimo matupu, na tangu hapo gari likimtikisa kidogo tu anasikia kama kisu. Akaapa hapandi tena kitu chenye magurudumu. Mwaka huu akaanza kushindwa hata kubeba maji ya kupikia. Nikamwomba aje tuishi pamoja, akakataa. Nikaomba tena, nikalia kwenye simu, sioni haya kusema. Mwishowe akaniambia, "Sawa, leta hiyo gari yako. Lakini ikinirusha mara moja tu, mimi nashuka, narudi kwa nyumba yangu. Na usiniulize tena mpaka nikufe."

Umelisikia hilo sharti? Mara moja tu. Na mama yangu akisema neno, hata chifu halibadilishi.

Gari lenyewe ni gari la michezo, milango miwili, limelala chini. Afisa mmoja alihamishiwa huku akaja nalo kutoka Nairobi, likamshinda, akaniuzia kwa bei ya kutupa. Shokapu zake, zile zinazomeza mitikiso, ni za umeme, zinajikaza na kujilegeza zenyewe kulingana na barabara. Tatizo, kile kisanduku kinachoziamuru, yaani kontrola, kilikuwa kimeungua. Nikaagiza kingine kilichotengenezwa na watu wengine kabisa, chenye akili kuliko kile cha kwanza, nikakifunga mwenyewe, waya kwa waya. Ekiru, tunayegawana naye gereji, alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa hii utapeleka wapi? Nakalale? Ngamia itaikanyaga!"

Nikamwambia acheke vizuri, asije akakosa nafasi baadaye.

Sasa nisikilize hapa. Kontrola hiyo inaonyesha mistari minne kwenye simu, mmoja kwa kila gurudumu. Uzito ukikalia gurudumu, mstari wake unashuka. Lakini lazima uifundishe kwanza. Unapita kwenye mashimo gari likiwa tupu, kisha unapita tena likiwa na mzigo, ili ijue ilegee kiasi gani. Siku ya kumchukua Mama niliondoka mapema, na nilipofika mahali ambapo mafuriko ya laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, yalikuwa yamekula lami, nikasema darasa ni hapa. Likapita tupu, safi kabisa. Mzigo je? Sikuwa na mzigo. Nikaangaza huku na huku, nikaona rundo la mawe kando ya barabara, mawe laini ya kushikika mkononi. Mimi mtoto wa mjini, nimekulia kwenye grisi. Nikadhani ni masalio ya wajenzi wa barabara. Nikajaza buti la gari, nikajisifu kwa werevu wangu.

Nikapita mashimo mara mbili. Kontrola ikashika, gari likawa linaelea. Nikapiga kelele za furaha peke yangu. Bado nilikuwa nashangilia nilipoona mstari wa mbele kushoto unashuka, pole pole, kama mtu anayekaa. Kisha kengele ya mkanda ikaanza kulia.

Nikageuka. Kwenye kiti cha abiria alikuwa mzee, shuka begani, kigoda chake cha mbao mapajani, unyoya wa mbuni kichwani ukigusa paa la gari. Mlango haukufunguka. Gari lilikuwa linatembea. Na niamini, mazoea ni kitu cha ajabu, maana neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Mzee, funga mkanda."

Hakufunga. Aliuliza kwa upole, "Hiyo mawe yangu unapeleka wapi?"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nikiogopa huwa nakuwa mkali. Nikamjibu, "Ninafundisha gari kumbeba mama yangu. Mgongo wake ni mbaya. Na mawe ni mawe tu, mzee."

"Hapana," akasema. "Hiyo kila moja ni salamu. Mtu akipita kwangu anaweka jiwe, anasema ejok, anaenda vizuri. Wewe umebeba salamu ya watu wote, na yako hujatoa."

Nilikuwa nimeyasikia hayo tangu utoto, kwamba ukipita kaburi la mkubwa unaongeza jiwe na kuacha tumbaku kidogo, safari ikunyookee. Nilikuwa nimesikia tu, kama tunavyosikia mambo ya wazee tukiwa na haraka zetu.

Nikageuza gari. Nikarudisha mawe yale moja moja kwa mikono yangu, na kila jiwe nikilisalimia, "Ejok." Jua lilinichoma kisogo mpaka nikaona kizunguzungu, lakini sikuthubutu kubeba mawili kwa pamoja. Kisha nikaokota langu kwenye laga, nikaliweka juu ya mengine. Nikatoa nusu ya tumbaku niliyomnunulia Mama, nikaiacha hapo. Nikasema kwa sauti, "Nisamehe, mzee. Na unisaidie, Mama asirushwe."

Niliporudi garini kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nikamshukuru Mungu, nikawasha, nikatazama simu. Mstari wa mbele kushoto ulikuwa umepanda. Wa nyuma kushoto ulikuwa umeshuka.

Alikuwa amehamia kile kiti kidogo cha nyuma. Amempisha Mama kiti! Sikutazama kioo hata mara moja mpaka nikaingia Kakuma.

Mama alikuwa mlangoni na mzigo wake mdogo. Alilizunguka gari akiguna. "Hii gari gani, tumbo yake iko chini kama mamba?" Jirani yake Mkongomani, Mama Neema, akamshika mkono. "Ingia tu, Mama, iko muzuri sana." Akaingia kwa shida, akang'ang'ania mlango kwa mikono miwili, uso umekunjamana kabla hata sijaondoka. Mimi sikusema lolote juu ya mzee. Ningesema, angeshuka.

Tulipofika palipoliwa na maji, Mama alifumba macho. Na mimi nikaushika usukani kwa mikono miwili, maana hapo ndipo ningempata au ningemkosa. Shimo la kwanza. Mistari mitatu ikacheza kwenye simu. Ule wa upande wa Mama ukatulia tu, haukutikisika hata kidogo. Shimo la pili, vivyo hivyo. Kisha ule ukingo wa lami ambapo malori yenyewe hupiga magoti. Tukapita kama tumebebwa! Tulipolifikia rundo la mawe, mstari wa nyuma ukapanda taratibu, kama mtu ameshuka. Nikapiga honi, nikalia, nikacheka, vyote kwa pamoja.

Lodwar, Ekiru alisimama gereji na spana mkononi, mdomo wazi. Mama alishuka mwenyewe. Kwa miguu yake, bila kushikwa. Akanyoosha mgongo, akanikazia macho.

"Na ule mzee ameshika mgongo yangu kwa ile mashimo yote, mbona umemwacha huko bila asante?"

Usiniulize kama ni kontrola au ni mzee. Waya nilizifunga vizuri, na sifa hiyo simpi mtu, awe hai au amekufa. Lakini mikono ya kushika mgongo kontrola haina, hilo najua. Mama anaishi kwangu sasa, na yule aliyeapa hatapanda gari hashikiki. Juzi Kaaleng kwa dada yake, kesho anataka Todonyang akale samaki. Ekiru naye ameniomba nimfungie kontrola, na nimemwambia apange foleni. Kila tukienda Kakuma tunasimama pale, na mstari wa nyuma hushuka kwa muda, kisha hupanda. Tumeshazoea.

Basi wewe unayepita huku na gari lako zuri, ukiona mawe yamekusanyika kando ya barabara, usiyaguse. Kuuliza si ujinga. Simama, ongeza lako, salimia, uende. Na kama ulishachukua, yarudishe leo, moja moja, hata jua liwe kali vipi. Mimi nilisamehewa kwa sababu nilikuwa naenda kumchukua mama. Wewe sijui unaenda kuchukua nini.